Saida Karoli na Wimbo Uliovuka Mutukula



Kama u miongoni mwa wanaojifunza Kiswahili ukubwani, bila shaka umekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba lugha hii huingia upesi kwa njia ya nyimbo. Wanaosema hivyo hawakosei. Lakini sisi walimu tuna tabia ya kumpa mwanafunzi wimbo kama mzazi ampaye mtoto kipande cha muwa: fyonza utamu, tema makapi, kisha nenda ukacheze. Mwanafunzi hujifunza maneno kumi, hucheza kidogo darasani, na hapo ndipo habari ya wimbo inapoishia. Hajui aliyeutunga, wala mahali ulikotoka, wala kama mtungaji alipata chochote kwa kazi yake. Leo nakualika tuutafune muwa mmoja hadi mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanamke kutoka vijiji vya Bukoba, mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, alirekodi wimbo uitwao "Maria Salome". Jina lake ni Saida Karoli. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1970 na kukulia huko huko, kati ya migomba na mibuni, upande wa magharibi wa ziwa ambalo sote tunaliita Viktoria, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao kabla ya malkia huyo. Alianza kwa ngoma na nyimbo za nyumbani, na hata alipoingia studio hakuziacha nyuma. Ukisikiliza wimbo ule utasikia ngoma ikitangulia, kisha sauti yake nyembamba, tulivu, isiyo na haraka, na waitikiaji wakimfuata nyuma kama wafanyavyo watu wa Buhaya kwenye harusi. Studio iliongeza vinanda vyake, naam, lakini haikuthubutu kuifunika ngoma.

Na lugha? Wimbo ni wa Kihaya, uliotiwa Kiswahili mahali kadhaa kama chumvi.

Ili ujue ajabu ya jambo hili, yakupasa kuielewa Tanzania. Nchi hiyo ina lugha za makabila zaidi ya 120, na tangu uhuru iliamua kujijenga juu ya lugha moja. Kiswahili ndicho lugha ya shule ya msingi, ya Bunge, ya mahakama za mwanzo, ya magazeti na ya redio. Hapa Uganda, tangu redio za watu binafsi ziruhusiwe katika miaka ya 1990, ukizungusha kitufe cha masafa utasikia Kiganda, Kinyankole, Kitoro, Kiluo na Kiteso kabla hujamaliza chai. Ukivuka mpaka na kuingia Tanzania, utangazaji ni wa Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Lugha ya kabila ilibakizwa nyumbani, kwenye matanga, na katika nyimbo za vikundi vya ngoma vilivyoitwa uwanjani siku za sikukuu za taifa. Isitoshe, miaka ile ndiyo iliyokuwa miaka ya vijana wa Dar es Salaam na muziki wao wa Bongo Flava, uliojivunia Kiswahili cha mitaani. Hakuna aliyetazamia kwamba katikati ya kishindo hicho angetokea mwanamke wa Bukoba na ngoma yake, aimbe lugha ambayo Mzaramo, Mgogo na Mmakonde hawaielewi, na nchi nzima imcheze.

Ilitokea. Wimbo ulipigwa kwenye mabasi, kwenye mabaa na kwenye harusi za watu ambao hawajawahi kuiona Bukoba hata kwenye ramani. Wengi waliuimba kwa kukisia, wakitamka silabi za Kihaya kwa namna iliyowachekesha Wahaya wenyewe. Kipande cha Kiswahili walichokielewa, kile kinachotaja karanga, wakakishikilia kwa nguvu zote, hata wengine wakadhani ndicho jina la wimbo.

Niruhusu nitulie kidogo kwenye karanga hizo, maana mimi ni mwalimu wa lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kitenzi kilichoandamana nazo ni "kuchambua". Kamusi itakuambia kwamba kuchambua ni kuondoa takataka au kutenga vizuri na vibaya: mtu huchambua mchele, huchambua pamba, huchambua karafuu kutoka vikonyo vyake. Kutokana na kazi hiyo ya mikono tukapata maana ya kichwani: kuchambua hoja, kuchambua riwaya, mchambuzi wa siasa, uchambuzi wa bajeti. Karanga kwa kawaida tunazibambua au tunazimenya. Lakini sikio la mshairi lina kamusi yake, na mamilioni ya watu walielewa mara moja picha ya kitu kinachofunguliwa kidogo kidogo, kwa vidole, bila haraka. Nimewahi kumsikia mwalimu mwenzangu akilalamika kwamba nyimbo zinaharibu Kiswahili. Kwa maoni yangu, wimbo ule uliwafundisha watu wa nchi jirani kitenzi ambacho vitabu vyetu vya kiada vinakifikia kwenye sura ya kumi na nne.

Sasa tuvuke mpaka.

Mimi ni Mnyankole wa Mbarara. Nyumbani kwetu Kiswahili hakikuwa lugha ya mapenzi wala ya karanga. Baba yangu alikielewa vizuri na hakukisema kamwe mbele yetu. Kwa watu wa rika lake, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi tangu enzi za askari wa mkoloni, halafu kikawa lugha ya vizuizi vya barabarani. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na unaweza kuwaza mwenyewe ilikuwa zawadi ya namna gani kwa lugha kupendekezwa na mtu huyo. Kisha mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi yake yalivuka Mutukula, yakaikalia sehemu ya Kagera iliyo kaskazini mwa mto, yakapora, yakaua, yakavunja daraja la Kyaka. Tanzania ilijibu. Februari 1979 Masaka na Mbarara ziliangukia mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, na mji wetu ulilipa deni la Kagera kwa majengo yake. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Watu wa Uganda waliwaita askari wale "wakombozi", na neno hilo la Kiswahili likaingia katika lugha zetu likiwa na kiambishi chetu: bakombozi. Baba alilitamka kwa shukrani siku nyingine, na siku nyingine kwa uchungu, kutegemea alikuwa anamkumbuka nani.

Fikiria basi kwamba kutoka Kagera ile ile, miaka ishirini na kidogo baadaye, sauti inavuka Mutukula kuja kwetu. Safari hii haikuja na kifaru. Ilikuja katika kanda, nyingi zikiwa za kunakiliwa kwa wizi, zikiuzwa juu ya turubai sokoni. Saida mwenyewe alivuka baadaye kuja kutumbuiza. Na watu wa Mbarara, Masaka na Kampala walifanya kitu ambacho watu wa Dar es Salaam hawakuweza kukifanya: walielewa.

Kihaya ni ndugu wa tumbo moja na Kinyankole, na Kiganda ni binamu yao wa karibu. Mswahili anasema "ngoma". Mhaya na Mnyankole wanasema "engoma". Mswahili anasema "mti" na "watu". Sisi tunasema "omuti" na "abantu", na Mhaya vivyo hivyo. Irabu ile ndogo inayotangulia, ambayo Kiswahili kiliiacha njiani zamani, kwetu ingali imesimama mlangoni kama bawabu. Ndizi zinazopikwa sisi tunaziita "ebitookye", Mhaya "ebitoke", Mganda "amatooke", na kila mmoja ataapa kwamba za kwake ndizo tamu. Kwa hiyo sikio la Mganda lilipokutana na wimbo ule liliingia kupitia mlango wa Kihaya, likajikuta limekaa sebuleni kwa Kiswahili. Mama yangu, ambaye hakuwahi kutamka neno la Kiswahili isipokuwa kumkaripia mbuzi, aliuimba wimbo mzima. Neno asilolijua aliuliza. Aliyemjibu ni baba.

Sitaki kuitwika nyimbo mizigo isiyoiweza. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri likatoa msukumo mwingine mwaka 2022, na ninyi mnakisoma darasani kwa sababu za mitaala na Jumuiya ya Afrika Mashariki, si kwa sababu ya Saida Karoli. Hata hivyo, kabla ya waraka wowote wa wizara kufika nyumbani kwetu, mwanamke wa Bukoba alikwisha kufika. Aliitenga lugha na bunduki. Nadhani hilo linastahili kuandikwa mahali fulani, nami naliandika hapa.

Usidhani pia kwamba alitoka katika nchi isiyo na fasihi. Buhaya ina enanga, zeze la kulazwa lenye umbo la karai refu la mti, na kwa jina hilo hilo huitwa tenzi ndefu za wafalme na mashujaa zinazoimbwa nalo. Profesa M. M. Mulokozi, mwenyeji wa Kagera ambaye huenda umesoma tamthilia au mashairi yake ya Kiswahili, alitumia sehemu kubwa ya uhai wake wa kitaaluma kuzichunguza tenzi hizo, akithibitisha kwa wale waliokuwa wakibisha kwamba Afrika ina tendi zake. Enanga ilikuwa kazi ya wanaume. Saida alichukua upande mwingine wa urithi huo, ule wa ngoma ya harusi na wimbo wa kuitikiana, akausimamia yeye mwenyewe mbele ya kipaza sauti akiwa na ngoma yake. Jina la wimbo wake nalo ni la Injili, Maria na Salome, nalo halishangazi kutoka Bukoba, jimbo lililompa Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali wa Kanisa Katoliki katika zama zetu, Laurean Rugambwa, mwaka 1960. Ngoma ya kale, jina la ubatizo, Kihaya, Kiswahili, vinanda vya studio: hiyo ndiyo Afrika Mashariki jinsi ilivyo, wala si jinsi inavyochorwa kwenye mabango ya watalii.

Baada ya miaka kadhaa jina lake lilififia redioni. Ndivyo ilivyo kwa wengi wanaoingia mjini na wimbo mmoja mkubwa. Kanda zikafa, zikaja diski, zikaja simu. Vijana waliozaliwa mwaka ule alipovuma wakafika sekondari bila kumjua.

Kisha ikaja Septemba 2016. Diamond Platnumz, kijana wa Tandale ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwanamuziki maarufu kuliko wote nchini kwake, akishirikiana na Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, alitoa wimbo "Salome". Ulijengwa juu ya wimbo wa Saida: melodia yake, jina lake, karanga zake. Kihaya kilipungua, Kiswahili cha Dar es Salaam kikajaa, ngoma ikaharakishwa, video ikapakwa rangi za kupendeza. Ulitazamwa mara mamilioni kwenye intaneti, kutoka Lagos hadi Muscat. Mwezi ule ule, tarehe 10, tetemeko la ardhi lilikuwa limeipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Na wakati Bukoba ikihesabu kuta zilizosimama, dunia ilikuwa inacheza wimbo wake bila kujua kwamba ni wake. Hizi ni habari mbili zisizohusiana, najua. Lakini kila nikisikia wimbo ule, kwangu huja pamoja.

Wanahabari walimtafuta tena Saida, naye akarudi jukwaani na studio. Mwaka uliofuata alitoa wimbo "Orugambo". Ninapoandika jina hilo ubaoni, wanafunzi wangu wa Kiganda hucheka kabla sijaeleza lolote, maana kwao "olugambo" ni umbea, na kwetu Wanyankole "orugambo" ni umbea huo huo. Mtanzania wa Tanga au Songea huhitaji kufasiriwa. Mtoto wa Masaka hahitaji. Mpaka wa mataifa na mpaka wa lugha ni vitu viwili, na mara nyingi havijatambulishana.

Sasa nafika kwenye swali ambalo hujitokeza kila mara ninapoufundisha wimbo huu, nalo huulizwa na wanafunzi, siyo na mimi: Mwalimu, huo wimbo ni wa nani?

Mmoja atasema ni wa Wahaya wote, kwa kuwa ngoma ile ni ya mababu. Mwingine atasema ni wa Saida, kwa kuwa ndiye aliyeuimba kwanza. Wa tatu, ambaye amezaliwa karibuni, atasema ni wa Diamond. Wa nne, ambaye baba yake ana duka, atasema ni wa mtu aliyelipia studio. Ninapenda somo hili kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kwa sababu majibu yapo katika sheria ambazo raia wachache huzisoma.

Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Uganda ikatunga ya kwake mwaka 2006. Yatazame maneno hayo mawili. Hakimiliki ni haki ya mtunzi: aliyetunga maneno, aliyetunga melodia. Hudumu muda wote wa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo, ikiwafaa warithi wake. Hakishiriki ni haki ya wale wanaoisimamisha kazi mbele ya watu: mwimbaji aliyeiimba, mtayarishaji aliyeirekodi, kituo kilichoitangaza. Mtu mmoja aweza kuwa na zote mbili, na mwingine asiwe na hata moja ingawa sauti yake ndiyo tunayoisikia. Ukiwa umetunga wimbo, ukauimba, kisha ukatia sahihi karatasi inayompa mtayarishaji rekodi yote, rekodi ni ya mtayarishaji. Lakini kutunga hakukufutwa na sahihi hiyo, isipokuwa karatasi imesema hivyo waziwazi.

Na ngoma ya mababu? Sheria ya Tanzania inazo sehemu zinazolinda sanaa za jadi za jamii, na usimamizi wake umewekwa chini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Si kweli, basi, kwamba kilicho cha wote ni cha yeyote. Lakini sheria hiyo hiyo haimzuii msanii kuchota kutoka jadi ili kutunga kazi mpya iliyo yake. Napenda kuwaeleza wanafunzi hivi. Kijijini kuna kisima cha ukoo. Saida alikwenda na mtungi wake, akateka, akajitwisha, akapanda mlima. Hakukinyang'anya kisima kwa mtu. Kesho mwingine atateka. Lakini maji yaliyo ndani ya mtungi kichwani mwake si ya kisima tena. Ukiyataka, kuna njia mbili za heshima: nenda kisimani na mtungi wako, ama mwombe yeye.

Kijana anayetaka kutumia mapigo ya ngoma za Buhaya ana njia ya kwanza. Anayetaka melodia na maneno ya "Maria Salome" yenyewe analazimika kufuata ya pili: ruhusa ya mwenye haki, na mrabaha kama walivyokubaliana. Hapo ndipo mkataba wa miaka ya kanda unapotoka kabatini. Katika miaka ile wasanii wengi wa Afrika Mashariki waliuza kazi zao kwa malipo ya mkupuo. Msambazaji alilipa kiasi cha fedha mara moja, akachukua kanda mama, na habari ikaisha. Hakuna aliyefikiria simu ya mkononi inayopiga muziki wala video ya kutazamwa mara mamilioni. Msanii aliyeuza kanda mwaka 2001 kwa fedha za kununulia shamba hakudhani kwamba anauza pia mwaka 2016.

Utauliza kwa nini mwalimu wa lugha anajishughulisha na mikataba. Nitakuambia.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani alikuja nyumbani. Simtaji jina, wala studio siitaji. Ana miaka ishirini na mmoja, anaimba, na sauti yake ni ya kukufanya usahau sufuria jikoni hadi iungue. Ametunga wimbo juu ya ekyeshongoro alichokuwa akikiimba bibi yake wakati wa kukuna maziwa, kile cha kuwasifu ng'ombe kwa rangi zao. Maneno ya bibi yako katika kiitikio. Beti ni zake mwenyewe, kwa Kinyankole na Kiswahili nilichomfundisha mimi, jambo ambalo nakiri lilinipa kichwa kikubwa. Studio moja imeupenda. Wamempa karatasi ya kurasa mbili, ya Kiingereza, wakamwambia atie sahihi kabla ya kuingia kurekodi, kwani "kila mtu hutia".

Tuliketi mezani na kamusi mbili. Nilimwambia tuifasiri karatasi nzima kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, bila kuruka. Hii ni njia ninayokupendekezea hata wewe: maneno mazito ya lugha ngeni huogopesha kama kinyago, nawe ukiyavisha nguo za nyumbani unaona sura yake. Saa mbili baadaye tulikuwa na kurasa tatu kwa mwandiko wake. Kifungu cha nne kilisema kwamba msanii anahawilisha kwa studio haki zote za kazi hii na za kazi zote atakazotunga, duniani kote, milele.

Akasoma kwa sauti: "Na za kazi zote nitakazotunga." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Mwalimu, na cha bibi nacho kimo?"

Nilimweleza tofauti ya vitenzi viwili, kwa kutumia ng'ombe, kwa sababu sisi ni Wanyankole na hakuna jambo lisiloelezeka kwa ng'ombe. Kuhawilisha ni kumtoa ng'ombe zizini akaenda moja kwa moja, yeye na ndama wake na ndama wa ndama wake. Kutoa ruhusa ni kumpa jirani ng'ombe amkamue kwa muda mliopatana; maziwa ni yake, nawe unapata sehemu yako, na ng'ombe anajua njia ya kurudi. Kisheria, studio inaweza kurekodi, kuuza na kutangaza wimbo kwa ruhusa tu, bila kumhamisha ng'ombe. Nilimweleza pia kwamba haki yake ilizaliwa siku alipouandika wimbo katika daftari, si siku atakapoupeleka kwa ofisi ya usajili ya URSB. Cheti cha usajili ni ushahidi mzuri, na gharama yake ni ndogo kuliko majuto. Na haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi haiuziki, hata akiuza mengine yote.

Kuhusu bibi, nilimwambia akamuulize bibi. Alikwenda. Bibi alicheka sana, nimeambiwa, akasema wimbo ule yeye aliukuta kwa mama yake, na kwamba wanaoweza kuudai ni ng'ombe wenyewe. Halafu, alipokwisha kucheka, akataka kujua kama jina la kijiji litatajwa.

Kwa hiyo sasa kuna karatasi nyingine. Tumeandika "ruhusa" mahali palipokuwa na "kuhawilisha", tukafuta kazi zitakazotungwa, tukaweka miaka mitano palipokuwa na milele, na chini yake sentensi moja inayosema kwamba kila toleo la wimbo litataja asili ya kiitikio na kijiji kilikotoka. Niliangalia sarufi, maudhui ni yake. Mwanasheria mmoja anayejitolea katika kituo cha msaada wa kisheria mjini ameipitia, akabadilisha maneno mawili, akakataa hata soda.

Studio hawajajibu. Rafiki zake wanamwambia amejiharibia, kwamba wapo wasichana kumi wanaosubiri mlangoni wenye kalamu mkononi, na huenda ni kweli. Jana usiku alinipigia simu akasema kwamba ameota wanamwita, kisha akauliza iwapo "mrabaha" una wingi. Unao: mirabaha, ngeli ya U-I, kama mkataba na mikataba. Jumatatu anakwenda studio kuulizia. Amesema akifika huko atawaimbia kwanza, ndipo atoe karatasi.